Louis Braille: Kijana ambaye nukta zake zilipigwa marufuku shuleni

Hebu fikiria unasoma Tulia, kule Kitui. Huoni, na shule inakwambia haina vitabu vya breli, ujikaze hivyo hivyo. Utanyamaza? Kabla hujajibu, mjue kijana aliyeyapitia mambo kama hayo.

Louis Braille alizaliwa Januari 4, 1809, kijijini Coupvray, Ufaransa. Babake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3, Louis alichezea msharasi, kile chuma cha kutobolea ngozi, ukamdunga jicho. Maambukizi yakaingia jicho la pili, na kufikia miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Mwaka wa 1819 alijiunga na shule ya vipofu jijini Paris. Vitabu vya huko vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa karatasini: vizito, vichache, na kuvisoma kwa vidole kulichosha. Mbaya zaidi, mwanafunzi hangeweza kujiandikia chochote. Louis akachukua maandishi ya nukta 12 ya mwanajeshi Charles Barbier, akayapunguza hadi nukta 6 zinazotoshea chini ya kidole kimoja. Alikuwa na miaka 15 tu!

Unadhani wakubwa walishangilia? Wapi! Mkurugenzi Pierre-Armand Dufau, aliyeshika usukani 1840, alizipiga marufuku. Wanafunzi wakaendelea kuzitumia kisirisiri, hadi naibu wake, Joseph Guadet, alipoona zinavyowafaa, akawatetea. Mwaka wa 1844, mbele ya wageni, wanafunzi waliandika na kusoma kwa nukta hizo. Dufau mwenyewe akalegeza msimamo. Louis alifariki Januari 6, 1852, na Ufaransa ikazikubali rasmi 1854.

Wewe huna haja ya kujificha. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kutumia breli, lugha ya ishara au njia nyingine inayokufaa. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi wa ofisi ya umma unapokuumiza. Kwa hivyo ukinyimwa msaada, omba hizo sababu, na uitunze barua. Nenda na mzazi kwenye kituo cha EARC, mahitaji yako yatathminiwe. Ikishindikana, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na umtafute Guadet wako. Mwalimu mmoja tu anayejua unachoweza kufanya atakusaidia kufungua mlango.