Martin Luther naye alilala akiona Mungu amemtupa

Kama unasali KKKT pale Njombe mjini, Makambako au Ilembula, jina la Martin Luther unalisikia kila mwaka inapofika tarehe 31 Oktoba, Siku ya Matengenezo. Unaelezwa jinsi alivyopinga biashara ya vyeti vya msamaha wa dhambi mwaka 1517, na jinsi alivyosimama mbele ya Kaisari mwaka 1521 akakataa kuyakana maandishi yake. Pengine hujaelezwa kwamba mtu huyohuyo alipitia vipindi virefu vya kukata tamaa.

Nakuletea habari zake wiki hii kwa sababu ya swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni. Binti anaimba kwaya, hakosi ibada, lakini sasa hali, halali, anajifungia chumbani na kusema hana haja ya kuishi. Je, imani yake imepungua?

Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483. Baba yake alitaka awe mwanasheria. Mwaka 1505 radi ilipiga karibu naye akiwa njiani, kwa hofu akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Monasterini hofu haikuisha. Alifunga mpaka akadhoofika, akaungama dhambi kwa saa nyingi, na akitoka tu akakumbuka nyingine na kurudi. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alichoka kumsikiliza lakini hakumfukuza. Alimshauri aache kujichunguza na amtazame Kristo msalabani. Luther alikiri baadaye kwamba bila mzee huyo angeangamia.

Wengi hudhani kwamba alipoigundua neema kwenye Maandiko, giza lile liliondoka moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Kipindi kibaya kuliko vyote kilimpata mwaka 1527, miaka kumi baada ya zile hoja 95, wakati ni mhubiri maarufu, ana mke, Katharina von Bora, na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, Hans.

Tarehe 6 Julai asubuhi alizidiwa na uchungu wa moyo, akamwita mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, aungame na kuombewa. Jioni masikio yalianza kuvuma, akaanguka. Alidhani anakufa, akawaaga mke na mtoto. Daktari aliitwa. Mwili ulipata nafuu baada ya siku chache, ila moyo uliendelea kuumwa kwa miezi. Mwezi Agosti alimwandikia rafiki yake Melanchthon kwamba kwa zaidi ya wiki moja alikuwa kama aliyetupwa kuzimu, anatetemeka mwili mzima, na kwamba karibu ampoteze Kristo kabisa. Hayo ni maneno ya mtu aliyewafundisha maelfu habari za imani.

Sisi hatuwezi kumpima mtu aliyekufa mwaka 1546. Lakini mganga wa leo akisikia maelezo kama hayo angeuliza mara moja kuhusu sonona: huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, usingizi na chakula kuvurugika, uchovu, kujilaumu kupita kiasi, mawazo ya kifo. Kwa watoto na vijana hujitokeza pia kama hasira, maumivu ya tumbo au kichwa yasiyo na sababu, na kushuka shuleni.

Alipitaje? Hakujificha, na mimi hilo ndilo linalonigusa zaidi. Aliwaambia marafiki, akaomba wamwombee kwa sababu yeye mwenyewe aliona hawezi kuomba. Siku ambazo imani yake ilikuwa haishikiki, aliegemea ya Bugenhagen na ya Katharina. Mwezi huohuo wa Agosti tauni iliingia Wittenberg, chuo kikahamishwa, yeye akabaki na nyumba yake ikawa kama hospitali. Wimbo wake wa Mungu kuwa ngome, ambao mnauimba kwa nguvu Siku ya Matengenezo, ulitoka katika miaka hiyo. Ukiuimba tena, kumbuka hali aliyokuwa nayo.

Mwaka 1530 kijana aliyewafundisha watoto wake, Hieronymus Weller, alishikwa na huzuni kama yake. Luther alimwandikia mara kadhaa. Alimwambia asikae peke yake, acheze, atanie watu, wala asibishane na mawazo mabaya yanapokuja. Wengine aliwashauri wale vizuri na kupiga muziki, akionya kwamba kufunga hakumfai mtu mwenye huzuni nzito. Mama, kama kijana wako ameacha kula na mtu anamwambia afunge siku tatu ili apone, kumbuka onyo hilo.

Lakini shauri moja msilifuate. Alimwambia Weller anywe zaidi kidogo. Hapo mzee alikosea. Ulanzi na bia huchangamsha jioni moja, kisha huvuruga usingizi na kuzidisha sonona. Hakuwa malaika, uzeeni aliandika hata maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, ambayo makanisa ya Kilutheri yameyakataa.

Kuhusu waliojiua, alisema jambo lililokuwa zito kwa zama zake: hakukubali kwamba wote wamepotea milele. Aliwafananisha na msafiri aliyeuawa na mnyang'anyi msituni. Familia iliyozika mtu wake kwa namna hiyo, na ikasemwa kijijini, inastahili kulisikia hilo.

Na dawa? Wakati wa tauni ile aliandika kwamba anayekataa dawa kwa kujidai ana imani anamjaribu Mungu. Aliamini shetani yumo katika magonjwa, na bado akamwita daktari.

Mwaka 1542 binti yake Magdalena alifia mikononi mwake, ana miaka 13. Alijua pa kumtumainia, na alilia sana. Alimwandikia rafiki kwamba yeye na mkewe hawakuweza kuomboleza bila kwikwi.

Sasa turudi kwako. Dalili zikiwepo wiki mbili, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Kibena ukiwa Njombe mjini, au Ilembula ukiwa upande wa Wanging'ombe, ueleze wazi kwamba tatizo ni la moyo na mawazo. Anayehitaji zaidi hupewa rufaa. Matibabu ni mazungumzo, dawa, au vyote viwili. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kusaidia, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tano, wala usiziache ghafla ukijisikia nafuu au baada ya kuombewa.

Mwanao akisema anataka kufa, mwulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake. Sumu za viazi na mahindi zifungiwe kwa kufuli, dawa za nyumbani akae nazo mtu mzima, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na baridi ya Julai. Mchungaji mpigieni simu mkiwa njiani, asali nanyi hukohuko wodini.