Lise Meitner: Msichana Aliyelalia Kitabu cha Hesabu

Nyanya yake alikuwa amemwonya kwamba siku ya Sabato si siku ya kushika sindano. Mtoto akishona siku hiyo, alimwambia, mbingu zitaporomoka. Basi Sabato moja msichana huyo mdogo akachukua kitambaa chake, akakigusa kwa ncha ya sindano, kisha akatazama juu. Kimya. Akapiga mshono mmoja, akatazama tena. Mbingu zilikuwa pale pale. Hapo akaridhika, akaendelea na kazi yake.

Msichana huyo aliitwa Lise Meitner. Tabia yake ya kutoliamini neno mpaka amelijaribu mwenyewe ndiyo iliyomtoa nyumbani kwao, ikamwingiza katika mambo yaliyobadili historia ya binadamu.

Lise alizaliwa mjini Vienna, nchini Austria, mwezi wa Novemba 1878, mtoto wa tatu katika jamaa ya Kiyahudi yenye watoto wanane. Baba yake, Philipp Meitner, alikuwa wakili, miongoni mwa Mayahudi wa kwanza kuruhusiwa kufanya kazi hiyo nchini humo. Nyumba yao ilijaa vitabu, muziki na wageni wapendao mazungumzo. Lise alitaka kujua kila kitu. Alipoona rangi za upinde wa mvua juu ya dimbwi lililoingia mafuta, aliuliza zimetoka wapi. Usiku alilala na kitabu cha hesabu chini ya mto, na aliziba upenyo wa chini ya mlango ili wazazi wasione mwanga wa taa.

Lakini siku hizo masomo ya msichana yalikoma akiwa na umri wa miaka 14. Baada ya hapo alingojea kuolewa. Baba yake alimshauri ajifunze kwanza ualimu wa Kifaransa ili apate riziki yake, naye akatii. Hatimaye, mwaka 1897, vyuo vikuu vya Austria vilianza kuwafungulia wanawake mlango, na Lise akapata mwalimu wa kumfundisha faraghani. Masomo ambayo wavulana waliyasoma kwa miaka minane aliyamaliza kwa muda wa miaka miwili hivi. Ndugu zake walimtania kwamba ataanguka mtihani kwa kuwa amevuka chumba bila kitabu mkononi. Mwaka 1901 wasichana 14 walifanya mtihani huo. Wanne tu walipita, na Lise alikuwa mmoja wao.

Katika Chuo Kikuu cha Vienna alifundishwa na Ludwig Boltzmann, bingwa wa fizikia aliyewafanya wanafunzi waione elimu hiyo kama safari ya kuutafuta ukweli. Mwaka 1906 Lise akapata shahada ya udakta, mwanamke wa pili kuipata katika fizikia chuoni humo. Mwaka uliofuata alimwomba baba yake ruhusa ya kwenda Berlin, Ujerumani, kumsikiliza Max Planck. Alikusudia kukaa kwa muda mfupi tu. Alikaa miaka 31.

Huko alikutana na kijana mwanakemia, Otto Hahn, aliyekuwa akitafuta mwenzi wa kuchunguza miali itokayo katika madini fulani. Taabu ilikuwa moja: mkuu wa taasisi hiyo hakuruhusu wanawake kuingia. Baada ya kuombwa sana, alikubali Dakta Meitner afanye kazi chini ya jengo, katika chumba kilichokuwa karakana ya seremala, kwa sharti kwamba asionekane ghorofani. Hata choo alikwenda kutafuta nje, katika hoteli ya jirani. Ernest Rutherford, mwanasayansi mashuhuri, alipowatembelea, alishangaa kukuta kwamba Meitner, ambaye maandishi yake alikuwa akiyasoma, si mwanamume. Wanaume wakakaa kuzungumza sayansi, naye Meitner akatumwa kumsindikiza Bibi Rutherford madukani.

Hakususa. Kwa miaka mingi aliishi kwa fedha kidogo alizotumiwa kutoka nyumbani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwapiga askari majeruhi picha za eksirei katika hospitali za jeshi la Austria. Mwaka 1918 yeye na Hahn walitangaza ugunduzi wa elementi iitwayo protaktiniamu. Alipotoa hotuba yake ya kwanza ya chuo kikuu, kuhusu fizikia ya ulimwengu wa nyota, gazeti moja lilikosea neno, likaandika kwamba alizungumzia fizikia ya vipodozi. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza nchini Ujerumani kuwa profesa wa fizikia.

Ndipo akaja Hitler. Lise alikuwa amebatizwa Mkristo tangu 1908, lakini kwa Wanazi alibaki Myahudi. Mwaka 1933 alinyang'anywa ruhusa ya kufundisha. Rafiki zake wengi walihama, ila yeye alibaki, akikingwa na uraia wake wa Austria na akivutwa na kazi aliyoipenda. Baadaye alijilaumu vikali kwa kukaa miaka hiyo mitano chini ya utawala ule.

Mwezi wa Machi 1938 Ujerumani iliimeza Austria, na kinga yake ikaisha. Pasipoti yake haikufaa tena, na ilijulikana kwamba wanasayansi watazuiwa kuondoka. Siku yake ya mwisho alikaa kazini hadi saa mbili usiku akimsahihishia kijana mmoja maandishi yake, ili mtu asishuku jambo. Asubuhi ya Julai 13 alipanda gari la moshi, akiwa na masanduku mawili madogo na marki 10 mkobani. Hahn alikuwa amempa pete ya almasi ya marehemu mama yake, aitoe kama hongo mpakani ikilazimu. Dirk Coster, mwanafizikia wa Uholanzi, alisafiri naye akiwa amekwisha zungumza na walinzi wa mpaka wa upande wake. Wakavuka salama. Lise alikuwa na umri wa miaka 59, hana nchi, hana kazi, hana vyombo.

Alipata hifadhi mjini Stockholm, Uswidi, katika taasisi iliyompa chumba bila msaidizi wala vifaa vya kutosha. Nyuma yake, Hahn na mwenzake Fritz Strassmann waliendelea na uchunguzi ambao yeye ndiye aliyeuanzisha: kuipiga uraniamu kwa chembe ndogo ziitwazo nyutroni. Mwezi wa Desemba Hahn alimwandikia barua ya mashaka. Ndani ya uraniamu walikuwa wamepata bariamu, elementi ambayo uzito wake unazidi nusu ya ule wa uraniamu kwa kiasi kidogo tu. Hahn alikiri kwamba haelewi imefikaje pale.

Barua hiyo Lise aliijadili wakati wa Krismasi katika mji mdogo wa Kungälv, pamoja na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, mwanafizikia pia. Baba yake Frisch alikuwa amefungwa katika kambi ya Dachau. Wawili hao walitoka kutembea thelujini, kijana akiteleza kwa mbao za miguuni, mama yake mdogo akienda kwa miguu bila kuachwa nyuma. Karibu kila mtaalamu aliamini kwamba kiini cha atomu kinaweza kumeguka vipande vidogo tu. Lise, kama siku ile ya sindano, hakuliamini neno hilo kwa kuwa limesemwa na wakubwa. Je, kiini si kama tone la maji? Likitikiswa, hurefuka, hupata kiuno chembamba, kisha hukatika mara mbili. Wakaketi juu ya gogo, wakatoa vipande vya karatasi, na Lise akapiga hesabu akitumia kanuni ya Einstein. Nguvu iliyotoka katika kiini kimoja tu ingeweza kuifanya chembe ya mchanga iruke ikaonekana kwa macho. Maelezo yao yalichapishwa Februari 1939. Atomu ilikuwa imepasuka.

Msomaji anajua yaliyofuata. Mwaka 1943 Lise alialikwa ajiunge na wataalamu waliokuwa wakiunda bomu kule Marekani. Alikuwa mpweke na fukara wa vifaa, na kule angepata kila kitu, alikataa katakata. Hata hivyo, mji wa Hiroshima ulipoteketezwa Agosti 1945, magazeti yalimwita mama wa bomu, jina lililomchoma moyo.

Miezi mitatu baadaye ilitangazwa kwamba zawadi ya Nobel ya kemia ya 1944 amepewa Otto Hahn, peke yake. Lise alipendekezwa kwa zawadi ya Nobel mara nyingi katika maisha yake, asiipate hata mara moja. Hahn naye alizoea kueleza ugunduzi ule kama kazi ya kemia tu. Lise aliumia na akamwambia hivyo kwa barua, lakini urafiki wao hakuuvunja. Hahn alipofariki Julai 1968, Lise alikuwa dhaifu mno hata jamaa zake hawakumpa habari hizo. Naye alifariki Oktoba 27 mwaka huo huo mjini Cambridge, Uingereza, zikibaki siku chache atimize miaka 90.

Mwaka 1997 elementi ya 109 ilipewa rasmi jina lake. Na kule Berlin, jengo la taasisi ambamo uraniamu ilipasuliwa lilibeba kwa miaka mingi jina la Hahn pekee. Mwaka 2010 liliongezwa la pili: sasa ni jengo la Hahn na Meitner.