Senti Kumi za Maskini: Maisha ya Alphonse Desjardins

Hakuna parokia isiyo na familia zinazofanya kazi tangu alfajiri hata magharibi, na bado hazinyanyuki. Ada ya shule ifikapo, au ugonjwa uingiapo nyumbani, baba hana pa kukopa ila kwa wale ambao watu wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Kwa ajili hiyo twaona yafaa kuwasimulia maisha ya mlei mmoja Mkatoliki aliyeliona jambo hilohilo katika nchi yake, asilivumilie.

Alphonse Desjardins alizaliwa tarehe 5 Novemba 1854 mjini Lévis, katika Jimbo la Quebec nchini Kanada. Twasema jimbo la serikali, si la Askofu. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo, hata mama yake alifanya kazi kwa majirani ili wapate riziki. Alisoma katika Koleji ya Lévis, akawa mwandishi wa magazeti. Tangu 1892 hata 1917 aliandika kwa hati mkato hotuba za Kifaransa katika Bunge la Kanada mjini Ottawa.

Basi mwaka 1897, akiwa kazini, alimsikia mbunge mmoja akieleza habari za mtu wa Montreal aliyekopa dola 150, akadaiwa riba ya dola 5,000. Wengi waliyasikia hayo wakaenda zao. Desjardins hakutulia. Alijifunza vyama vya akiba vya Ujerumani na Italia, akaandikiana barua na Mwingereza Henry Wolff, aliyekuwa bingwa wa mambo hayo. Tena alikuwa ameyatafakari mafundisho ya Papa Leo XIII juu ya wafanyakazi, yaliyotolewa mwaka 1891.

Tarehe 6 Desemba 1900 akaanzisha pamoja na watu wa mji wake chama cha kuweka na kukopa. Hisa moja ilikuwa dola 5, nayo iliweza kulipwa kidogo kidogo, senti 10 kwa juma. Siku ya kwanza ya kupokea fedha, tarehe 23 Januari 1901, zilipatikana dola 26 na senti 40 tu. Lakini kanuni zilikuwa imara: kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au nyingi; mkopo hupewa mwanachama tu; na mpaka wa chama ni parokia. Maana parokiani watu hufahamiana. Asiye na shamba wala nyumba ya kuweka rehani huweza kuaminiwa kwa uadilifu wake, unaojulikana kwa jirani zake.

Hata hivyo, katika miaka ile ya kwanza hapakuwa na sheria ya kukilinda chama. Kama kingeanguka, Desjardins angeweza kudaiwa mali yake mwenyewe. Naye alikuwa mbali Ottawa miezi mingi, hivyo mkewe Dorimène ndiye aliyeshika daftari na fedha za watu, huku akilea watoto. Wasomaji wetu akina mama walikumbuke jina hilo. Mwishowe, mwaka 1906, Bunge la Quebec lilitunga sheria. Desjardins alitaka pia sheria ya Kanada nzima. Mwaka 1908 ilipita kwa wabunge, ikakataliwa na Seneti kwa kura moja. Hakukata tamaa.

Mwaka huohuo alisaidia kuanzisha chama katika parokia ya Mtakatifu Maria mjini Manchester, New Hampshire, kati ya wafanyakazi wa viwanda. Na mwaka 1909 sheria ikatungwa Massachusetts kwa msaada wake. Alisafiri parokia kwa parokia, na maparoko wengi walimuunga mkono. Mwaka 1913 Papa Pius X alimpa heshima ya Ukamanda katika Shirika la Mtakatifu Gregori Mkuu. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1920, akiacha vyama zaidi ya 150.

Njia hiyo ilifika pia Nova Scotia, ambako mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Francis Xavier kilianzisha Taasisi ya Coady. Watanzania ni miongoni mwa waliosoma huko mambo ya ushirika.

Tujifunze nini? Sadaka ni wajibu wetu, wala hatutaiacha. Lakini mwenye nguvu za kufanya kazi hastahili kuishi kwa sadaka, astahili nafasi. Desjardins hakuiomba Serikali iwalishe maskini. Aliiomba sheria ya haki, ili senti zao zilindwe na kuwafaa wao wenyewe. Nasi twawasihi wenye mamlaka wawabane wakopeshaji wanyonyaji, na kukagua vyama kwa bidii. Maana tumeviona vyama vikifa, si kwa umaskini wa wanachama, bali kwa mikono ya viongozi wasio waaminifu. Kuiba akiba ya mjane ni dhambi inayomlilia Mungu.

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo twajuana kwa majina na kwa matendo. Tukutanapo kusali, tuulizane pia nani amebanwa na deni, na tutaweka pamoja kiasi gani kila juma. Tuchague watunza fedha waaminifu, vitabu vifunguliwe mbele ya wote, na tuanze hata kwa kidogo.