Farasi Kwanza, Chakula Baadaye

Zamani nilipokuwa nikikaa kwa jamaa zangu Kibera, upande wa Makina, nilikuwa na rafiki mmoja saisi katika uwanja wa mbio za farasi ulioko barabara ya Ngong. Uwanja huo ni jirani wa Kibera, na ng'ambo ya barabara, mbele kidogo, ndiyo Kawangware. Baada ya sala ya alfajiri nilipenda kumfuata kazini. Hata siku moja sikumwona akinywa chai kabla farasi hajala. Kwanza huloweka pumba kwa maji ya moto, akatia chumvi kidogo, akangoja ipoe. Farasi akishiba, ndipo naye huketi na gurusa yake ya jana, ule mkate mwembamba wa Wanubi, akala.

Katika uwanja huo ndiko alikomalizia maisha yake Bibi Beryl Markham. Kila nikumbukapo habari zake, humkumbuka na saisi yule.

Bibi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa nchi hii angali mdogo. Mamaye hakukaa sana, alirudi kwao. Mtoto akabaki na baba, Charles Clutterbuck, katika shamba lao la Njoro. Alikua pamoja na watoto wa Kinandi na Kikipsigis, akasema Kiswahili na lugha yao, akala nao kwa mkono, akawinda nao. Mwenziwe mkubwa alikuwa kijana aitwaye Kibii.

Baba alikuwa na farasi wengi, na mmoja wao, Camciscan, dume aliyetoka Uingereza, alikuwa mkali asiyetaka kutiishwa. Binti alijaribu kumshinda kwa nguvu, wala haikufaa. Alilojifunza ni lile ajualo kila saisi, kwamba farasi mwenye harara hashindwi kwa mjeledi. Hushindwa kwa mazoea: mkono ule ule na sauti ile ile, kila siku kwa wakati wake.

Sasa, msomaji, nitazame unga, kwani unga ndio uliogeuza maisha ya nyumba ile. Clutterbuck alikuwa na vinu, akisaga mahindi na ngano, na alikuwa ameweka mkataba wa kutoa unga kwa bei iliyokatwa. Ukaja ukame baada ya Vita vya Kwanza, nafaka ikapanda bei. Angeweza kuvunja ahadi, lakini hakuivunja. Alinunua kwa ghali akauza kwa rahisi hadi akafilisika, shamba likauzwa, farasi wakatawanyika. Yeye akaenda Peru kutafuta riziki. Sisi tuliofunzwa kwamba ahadi ni deni hatuwezi kumcheka mtu kama huyo.

Binti akabakiwa na farasi wake Pegasus, aliyepewa na babaye tangu alipozaliwa. Akampanda kwenda Molo kuanza kazi ya kufunza farasi wa mbio. Katika mifuko ya tandiko vitu vya farasi vilikuwa vingi kuliko vyake mwenyewe: brashi, blanketi, na shayiri iliyopondwa. Hajatimiza hata miaka 20, akapata leseni, mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Mwaka 1926 farasi jike Wise Child, ambaye kano za miguu yake zilikuwa mbovu, alishinda mashindano ya St Leger hapa Nairobi chini ya uangalizi wake. (Habari ya kamari ni nyingine, na hukumu yake twaijua.)

Baadaye akajifunza urubani. Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, mwanamke wa kwanza kuivuka hivyo kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwaka 1942 akatoa kitabu cha maisha yake. Kisha akarudi Kenya, akarudia farasi, na farasi wake wakashinda Derby ya Kenya mara 6.

Lakini liko jambo moja linaloniuma. Yule Kibii, alipotiwa jandoni akaitwa arap Ruta, alikuja kwa mwenziwe wa utotoni kuomba kazi. Waliokula sahani moja sasa mmoja ni bibi, mwingine ni mtumishi. Alimhudumia kwa miaka mingi, kwenye mazizi na kwenye ndege. Bibi alimheshimu na kumtaja kwa wema kitabuni, nalo ni jema. Hata hivyo ukoloni ulikuwa umeshawagawia mafungu yao, na wema wa mtu mmoja haukutosha kuyasawazisha.

Uzeeni Bibi Markham hakuwa na mali. Kitabu chake, kilichokuwa kimesahauliwa, kilichapwa tena mwaka 1983, kikampatia riziki kidogo. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuagiza kuwahurumia wanyama tuwafugao. Wengi humsifu Bibi huyu kwa ndege yake. Mimi namsifu kwa lile alilokuwa sawa nalo na rafiki yangu wa Kibera, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote: mnyama alikula kwanza.