Mtakatifu Frumensio wa Aksum: mateka aliyewatafutia wageni wenzake padre

Mtakatifu Frumensio hatajwi sana huku kwetu. Parokia zenye jina la Mtakatifu Karoli Lwanga au la Mtakatifu Agustino ni nyingi, lakini jina la Frumensio ni wachache waliolisikia. Waethiopia humjua tangu utotoni. Humwita Abba Salama, yaani Baba wa Amani, na pia Kesate Birhan, maana yake Mfunuaji wa Nuru. Ndiye askofu wao wa kwanza, naye aliishi karne ya 4. Tunasimulia maisha yake kwa sababu iliyo karibu nasi: wanawe katika imani wamo katika magereza ya pwani yetu ya kaskazini, na njaa wanayoisikia ndiyo ile aliyoisikia yeye.

Vijana wawili chini ya mti

Habari zake tunazipata kwa Rufino wa Akwileia, padre aliyeandika historia ya Kanisa mwanzoni mwa karne ya 5. Rufino hakutegemea uvumi. Alisimuliwa na Edesio, ndugu yake Frumensio na mwenzake wa safari, ambaye baadaye alikuwa padre mjini Tiro.

Tiro ni mji wa bandari katika nchi ya Lebanoni ya leo. Mwanafalsafa mmoja wa huko, jina lake Meropio, alisafiri kwa merikebu kwenda nchi za kusini ambazo watu wa zama zile walizijumlisha kwa jina la India. Alifuatana na vijana wawili wa ukoo wake aliokuwa akiwafundisha: Frumensio na mdogo wake Edesio. Wakati wa kurudi, chombo kilitia nanga katika bandari moja ya Bahari ya Shamu ili kuchukua maji na chakula. Kumbe mapatano kati ya wenyeji na dola la Roma yalikuwa yamevunjika. Waliokuwamo merikebuni waliuawa wote, na Meropio pamoja nao. Vijana wale wawili walikutwa wamekaa chini ya mti wakijisomea. Waliowakuta waliwahurumia, wakawapeleka kwa mfalme wa Aksum.

Ndivyo Frumensio alivyoingia nchi aliyokuja kuwa mtume wake. Aliingia kama mgeni aliyekamatwa, yatima wa safari, asiye na ubalozi wa kumtetea wala ndugu wa kumlipia nauli ya kurudi.

Bahari ile si ngeni kwetu. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia wa karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kinaitaja Adulis, bandari ya Aksum, kisha kinateremka na pwani ya Afrika ya Mashariki hadi soko la mwisho liitwalo Rhapta. Wataalamu wengi wanaliweka soko hilo katika pwani ya Tanzania; wengine wamelitafuta upande wa Pangani, wengine kwenye delta ya Rufiji. Njia ya kutoka Ethiopia kuja kwetu ni ya kale kuliko mipaka yetu yote.

Nyumba za sala zisizo na padre

Mfalme aliwapenda vijana wale. Edesio alifanywa mnyweshaji wake. Frumensio, aliyeonekana kuwa na akili na uaminifu zaidi, alikabidhiwa hazina na maandishi ya ufalme. Mfalme alipokaribia kufa aliwaacha huru waende wapendako. Lakini mrithi wa kiti alikuwa bado mtoto mdogo, na malkia aliwasihi wabaki wamsaidie kuiongoza nchi mpaka mtoto akue. Wakabaki.

Frumensio sasa alikuwa na madaraka makubwa, naye aliyatumia kwa jambo moja ambalo Rufino amelieleza kwa makini. Alianza kuuliza kama kati ya wafanyabiashara wa Kirumi waliofika Aksum walikuwamo Wakristo. Alipowapata aliwahimiza wakutane kwa sala. Aliwapatia viwanja na vifaa vya kujengea nyumba za ibada, na kuwatia moyo. Kwa lugha yetu tungesema alianzisha jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za wageni, kila moja na mahali pake pa kusalia.

Hata hivyo kulikuwa na pengo ambalo bidii yake haikuweza kuliziba. Frumensio alikuwa mlei. Aliweza kukusanya watu, kuwafundisha na kusali nao. Hakuweza kuwaadhimishia Ekaristi wala kuwaondolea dhambi. Mwenye kufa katika mji ule alikufa bila mpako na bila komunyo ya njiani. Miaka ilipita hivyo, na watu wale hawakuacha kusali.

Safari ya Aleksandria

Mwana wa mfalme alipokuwa mtu mzima, ndugu wale wawili walirudisha amana yote waliyokabidhiwa, wakaomba ruhusa ya kuondoka. Edesio alikwenda moja kwa moja Tiro kuwaona wazazi na jamaa. Kila mtu angeelewa kama Frumensio naye angefanya hivyo. Yeye alishika njia ya Misri mpaka Aleksandria, akaenda kwa askofu Mtakatifu Atanasi, aliyekuwa katika kiti hicho tangu mwaka 328. Alimweleza kwamba katika nchi ile ya mbali wamekusanyika Wakristo na makanisa yamejengwa, akamwomba atafute mtu anayefaa, amtume kwao awe askofu.

Atanasi aliwaita mapadre wake, akalipima neno lile pamoja nao. Jibu lao lilimrudia mleta ombi mwenyewe: hakuna aliyefaa kuliko yeye. Frumensio aliwekwa wakfu kuwa askofu, akarudi Aksum, nchi aliyowahi kuingia akiwa mateka.

Matunda ya kurudi kwake yanaonekana hata kwa wanaochimba ardhi. Sarafu za kwanza za mfalme Ezana zina alama ya mwezi na duara, ishara za dini ya kale. Za baadaye zina msalaba. Maandishi yake ya Kigiriki yaliyochongwa katika jiwe yanataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mnamo mwaka 356 hivi, kaisari Konstansi wa Pili, aliyeunga mkono uzushi wa Ario, aliwaandikia Ezana na nduguye Sazana akitaka Frumensio apelekwe Aleksandria kukaguliwa na askofu wa upande wa Waario. Habari hiyo imo katika maandiko ya Atanasi, ambaye mwenyewe alifukuzwa katika kiti chake mara 5. Kanisa la Aksum lilibaki na imani iliyoletwa na Frumensio.

Kwa karne 16 baada yake, Waethiopia waliendelea kupata askofu wao mkuu kutoka Aleksandria, mpaka mwaka 1959 walipopata patriarki wao wenyewe. Ni taifa lililojifunza kwa shida maana ya kungoja mchungaji atoke mbali.

Wana wa Abba Salama mkoani Tanga

Vijana wengi wa Ethiopia, hasa kutoka maeneo ya Hadiya na Kembata kusini mwa nchi hiyo, hupita Kenya na Tanzania wakielekea Afrika Kusini kutafuta kazi. Baadhi huvuka kwa njia za panya upande wa Horohoro na Mkinga, wengine hushushwa pwani na vyombo usiku. Hatari ya safari hiyo tunaijua. Mwezi Juni 2012 wahamiaji zaidi ya 40, wengi wao Waethiopia, walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Mwezi Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa katika kontena mkoani Tete, Msumbiji.

Wanaokamatwa hufikishwa mahakamani kwa kosa la kuingia nchini bila kibali, na wengi huishia gerezani. Wapo wanaomaliza kifungo na bado wakabaki ndani wakingoja hati na nauli ya kurudishwa kwao. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, na makala haya hayabishani na hilo. Swali letu ni lile la Frumensio: nani atawapelekea watu hawa sakramenti?

Si wote walio wa Kanisa moja. Wamo Waislamu, wamo Waprotestanti wengi, wamo Waorthodoksi wa Kanisa la Tewahedo, na wamo Wakatoliki wachache. Mworthodoksi huenda akatambulikana kwa uzi shingoni uitwao mateb, alama ya ubatizo wake. Padre anayeingia gerezani na kuuliza kwa Kiswahili kama kuna Mkatoliki, asipojibiwa akaondoka, hajauliza bado. Frumensio alianza kwa kutafuta.

Kanisa linaruhusu nini

Mafrateri wanaojiandaa kwa upadre wazijue kanuni chache zinazohusu jambo hili. Kanuni ya 568 inataka wawepo makapelani, kadiri inavyowezekana, kwa ajili ya wale ambao hali ya maisha yao haiwaruhusu kupata huduma ya kawaida ya paroko, na inawataja wahamiaji na wakimbizi. Kanuni ya 566 inampa kapelani, kwa nafasi yake, uwezo wa kuungamisha watu aliokabidhiwa, kuwapa komunyo ya njiani na mpako wa wagonjwa, na kumpa kipaimara aliye katika hatari ya kufa.

Mkatoliki wa riti ya Ethiopia ana haki zile zile alizo nazo muumini wa Chumbageni au Lushoto. Mwenye kumhudumia akumbuke kwamba Wakristo wa Mashariki kwa kawaida hupewa kipaimara pamoja na ubatizo, hata wakiwa wachanga. Sakramenti hizo hazirudiwi.

Kwa Mworthodoksi, kanuni ya 844 kifungu cha 3 inamruhusu padre Mkatoliki kumpa Kitubio, Ekaristi na Mpako wa Wagonjwa kama ameomba mwenyewe na amejiandaa ipasavyo. Neno la kuomba mwenyewe lina uzito. Hatumvuti mtu aache Kanisa lake akiwa kifungoni, na tunaheshimu taratibu za Kanisa hilo, ambalo lina sheria zake kuhusu komunyo na mfungo mkali kabla ya kuipokea. Kama yupo padre wao anayeweza kufika, yeye ndiye wa kuitwa kwanza, na kumsaidia aruhusiwe kuingia ni huduma tosha. Lakini mtu hawezi kumwomba padre ambaye hajawahi kumwona. Kwa Waprotestanti masharti ni magumu zaidi, nayo yamo katika kifungu cha 4 cha kanuni hiyo hiyo: hatari ya kufa, au hitaji lingine zito kwa uamuzi wa askofu au Baraza la Maaskofu, na imani ya Kikatoliki kuhusu sakramenti wanayoiomba. Sala, faraja na ziara hazina masharti hayo.

Lugha nayo si kisingizio. Kanuni ya 990 inaruhusu kuungama kwa njia ya mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Padre amweleze mkalimani hilo kabla ya kuanza, hasa kama ni mfungwa mwenzake. Anayeungama asilazimishwe kumtumia, na amchague yule anayemwamini.

Kuhusu kuingia gerezani, Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa mwaka 2015, zinasema mfungwa asinyimwe kuonana na mhudumu wa dini yake. Paroko anayekwenda kwa mkuu wa gereza kwa adabu na barua ya askofu haendi kuomba upendeleo.

Kinachobaki kwetu

Waamini wa parokia wana sehemu yao. Katekista anaweza kuuliza ni wageni wangapi wamo na wanatoka wapi. WAWATA wanaopeleka sabuni na chakula gerezani wanaweza kurudi na majina ya wanaomtaka padre. Anayejua Kiamhari anaweza kujitolea kama mkalimani. Wakati wa Noeli ya Waethiopia, tarehe 7 Januari, jumuiya inaweza kuomba kibali cha kuwatembelea, ili siku yao kuu isipite kama siku nyingine.

Frumensio aliweza kutoka Aksum akaenda mpaka Aleksandria kumtafuta askofu. Walio Maweni hawawezi kutoka hata kufika kanisani mjini Tanga. Safari aliyoifanya yeye kwa ajili ya wenzake ni sisi tunaopaswa kuifanya kwa ajili yao, na kwetu haizidi nusu siku.

Mtakatifu Frumensio, Abba Salama, utuombee sisi na wageni wote walio vifungoni.