Lavoisier na Mizani Yake

Antoine Lavoisier alizaliwa Paris, katika nchi ya Ufaransa, mwaka wa 1743. Alisoma sheria kama baba yake, lakini moyo wake ulipenda kuchunguza vitu.

Watu waliona kuni zikiungua na kubaki majivu kidogo tu, wakadhani kuwa moto hupoteza vitu. Lavoisier hakukubali neno pasipo kupima. Mwaka wa 1774 alitia bati katika chombo cha kioo, akakiziba, akakipima, kisha akakitia motoni. Sehemu ya bati ikawa unga. Alipopima tena, uzito ulikuwa ule ule. Alipokifungua chombo, hewa iliingia kwa nguvu, na uzito ukazidi. Basi bati lilikuwa limeshikana na sehemu ya hewa. Baadaye sehemu hiyo aliiita oksijeni.

Mke wake, Marie-Anne, alimsaidia kazi na kuchora vyombo vyake. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka wa 1789.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wa kemia huandika hivi:

2H₂ + O₂ = 2H₂O

H ni hidrojeni, O ni oksijeni, H₂O ni maji. Hesabu kila upande: H ni 4, O ni 2. Hakuna kilichopotea.

Lavoisier alikuwa pia mtoza kodi wa mfalme, na watu waliwachukia watoza kodi. Wakati wa mapinduzi alihukumiwa, akakatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794. Lakini mafundisho yake yanafuatwa hata leo.