Spicer-Simson na meli aliyoiogopa Ziwa Tanganyika

Miongoni mwa wakimbizi wa Nakivale, makazi yaliyo wilayani Isingiro kusini mwa mji wa Mbarara, wamo waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika: Wakongo wa Uvira na Fizi, Warundi wa Rumonge na Nyanza-Lac. Kwao meli ya Liemba haihitaji kuelezwa. Geoffrey Spicer-Simson ndiye wa kuelezwa. Ofisa huyo wa jeshi la majini la Uingereza alivusha boti mbili juu ya milima ya Katanga mwaka 1915 ili kuwanyang'anya Wajerumani ziwa hilo. Alizishinda meli zao mbili na kupewa nishani. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, hakuigusa, na hiyo ndiyo Liemba ya leo.

Alizaliwa Januari 15, 1876, mjini Hobart katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Familia ilihamia Ufaransa angali mdogo, na ndiyo sababu alikizungumza Kifaransa vizuri maisha yake yote. Kaka yake Theodore akawa mchongaji mashuhuri wa medali. Geoffrey aliingia jeshi la majini akiwa na miaka 14.

Kazi yake huko haikuwa ya kusifika. Kwenye upimaji alikuwa hodari: alipima sehemu za juu za mto Yangtze nchini China, na baadaye mto Gambia. Alipopewa meli ya kupigana, mikosi ilimfuata. Manowari yake iligonga boti na mtu akafa, naye akafikishwa mahakama ya kijeshi. Mara nyingine jaribio lake la kunasa nyambizi kwa kamba lilikaribia kuizamisha nyambizi ya nchi yake mwenyewe. Wenzake walipanda vyeo, yeye akabaki Luteni Kamanda. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikabidhiwa kikosi kidogo cha kulinda pwani ya Uingereza, na Novemba 11 mwaka huo meli yake mojawapo, Niger, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani mchana kweupe huku yeye akiwa hotelini nchi kavu. Akarudishwa ofisini, kwenye makaratasi.

Wakati huo Wajerumani walikuwa na nguvu majini Afrika Mashariki. Septemba 20, 1914, manowari yao Königsberg iliivamia meli ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo, ikaizamisha. Huko bara walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli mbili ndogo, Kingani na Hedwig von Wissmann, na walikuwa wakiunganisha Kigoma meli kubwa ya tatu, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha na kuletwa kwa reli kutoka Dar es Salaam. Mwenye ziwa aliweza kuhamisha askari popote alipotaka, na Wabelgiji wa upande wa Kongo hawakuwa na jibu.

Jibu lilitoka kwa mwindaji wa tembo, John Lee. Aprili 1915 alikwenda London na kuwashauri wakuu wa jeshi la majini wapeleke boti za injini kupitia Afrika Kusini na Katanga. Wazo likapita, ila uongozi akapewa Spicer-Simson, kwa kuwa maofisa waliokuwa na sifa bora walihitajika kwingine. Lee aliondolewa katika msafara kabla haujafika ziwani.

Boti zilikuwa na urefu wa meta 12 tu, kila moja na mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Spicer-Simson alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, naye akapeleka majina mapya, Mimi na Toutou, wakayakubali. Kumbe kwa Kifaransa cha watoto maana ni ile ile. Msomaji wa Kiswahili, bila shaka, hilo la kwanza analisikia kwa namna yake.

Juni 15, 1915, msafara wa watu 28 uliondoka Uingereza. Kutoka Cape Town boti zilipanda treni hadi Fungurume, mwisho wa reli ya Katanga. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mbele yao kulikuwa na zaidi ya kilometa 200 za msitu na milima ya Mitumba, bila barabara. Mamia ya wanaume wa Kongo walikata miti, wakajenga madaraja zaidi ya 150, na kuzivuta boti pamoja na matrekta ya mvuke na maksai. Maji yalipokosekana kwa ajili ya matrekta, wanawake wa vijijini walitumwa kuyabeba vichwani. Majina ya maofisa wa Kizungu yameandikwa kwenye vitabu, hata ya daktari na wahandisi. Ya hao waliovuta hayakuandikwa.

Kutoka Sankisia walipata tena reli, kisha mto Lualaba, kisha reli ya mwisho, na mwishoni mwa Oktoba wakafika Lukuga, palipo Kalemie ya leo. Spicer-Simson alitembea kambini amevaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mkewe, na kuoga hadharani ili tatuu zake zionekane. Wabelgiji walimcheka pembeni.

Wakaacha kucheka Desemba 26, 1915. Kingani ilikuja kupeleleza, Mimi na Toutou zikaifukuza, na kwa dakika 11 mapigano yakaisha. Nahodha wa Kijerumani, Luteni Junge, aliuawa. Kingani ikatengenezwa na kuitwa Fifi. Februari 9, 1916, Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta mwenzake, nayo ikazamishwa.

Muda mfupi baadaye ilionekana Graf von Götzen yenyewe, meli ya karibu meta 70, ikiwa na mzinga uliotolewa kwenye Königsberg. Maofisa walimsihi Spicer-Simson waifuate. Akakataa. Pengine hesabu yake ilikuwa sahihi, maana risasi moja ya mzinga ule ingetosha kuipasua Mimi. Lakini baada ya hapo hakupigana tena kabisa. Alisafiri kutafuta meli kubwa zaidi, na aliporudi, wakati ulikuwa umempita. Mwezi Juni alitumwa Bismarckburg, sasa Kasanga, kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa maji. Aliona mizinga juu ya ngome, akageuza. Usiku Wajerumani wakaondoka na mitumbwi yao. Ngome ilipotekwa, ile mizinga ilikutwa ni magogo. Hata Götzen ilikuwa imeshanyang'anywa mzinga wake mkubwa kwa ajili ya jeshi la nchi kavu, ikawekewa wa bandia.

Ziwa halikuamuliwa na yeye. Lilianguka kwa sababu nchi kavu ilianguka. Brigedi ya kaskazini ya Wabelgiji, iliyoingia Rwanda Aprili 1916, ilitegemea maelfu ya wapagazi kutoka Uganda, kikosi kilichoitwa Carbel, na mizigo yake ilipita Ankole na Kigezi, njia ya Mbarara. Wengi wa wapagazi hao hawakurudi. Magonjwa na baridi ya milimani viliua kuliko risasi. Julai 26, 1916, adui akiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo grisi nzito, wakitumaini kurudi.

Spicer-Simson alirudishwa Uingereza akiwa mgonjwa. Alipewa nishani ya DSO, Wabelgiji nao wakampa yao, ila hakukabidhiwa tena meli. Mwaka 1919 alikuwa mkalimani wa Kifaransa kwenye mkutano wa amani wa Paris. Kisha, kuanzia 1921 hadi 1937, alikuwa Katibu Mkuu wa Ofisi ya Kimataifa ya Upimaji wa Bahari mjini Monaco, na hapo ndipo alipofaa hasa. Kisa chake kilichangia riwaya ya The African Queen, na filamu yake ya mwaka 1951 ilipigwa kwa sehemu nchini Uganda. Hakuiona. Alifariki Januari 29, 1947, Courtenay, Kanada.

Mimi na Toutou zimetoweka. Götzen iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, grisi ikafutwa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikipakia abiria, samaki na magunia ya mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu. Mwaka 1997 ilirudisha Kongo wakimbizi waliokimbia vita. Mei 2015 ilitia nanga mbali kidogo na Kagunga, kijiji kisichokuwa na gati wakati huo, na Warundi wakapelekwa kwake kwa mitumbwi, wamebeba watoto na magodoro, mamia kwa kila safari hadi Kigoma. Kutoka hapo walipelekwa kambi ya Nyarugusu. Ndugu zao waliotorokea upande wa Rwanda, baadhi yao walifika Mbarara, na kutoka Mbarara, Nakivale.